Kuonwa leo, kukatwa lini? Siku moja na siku mbili katika upasuaji wa ngozi

Kaa kwenye benchi la kliniki ya ngozi Mwanza asubuhi moja tu, na kabla ya saa nne utakuwa umesikia malalamiko mawili yanayopingana. La kwanza ni la mtu wa visiwani. Ametoka Ukara, kavuka kwa kivuko hadi Bugolora, kapanda gari hadi Nansio, kisha saa tatu hivi za meli hadi mjini, na begi la nguo mkononi kwa sababu nyumbani ameaga kwamba anakwenda kukatwa uvimbe. Daktari kamtazama, kambonyezabonyeza shingo, kaandika, kamwambia arudi baada ya wiki mbili. La pili ni la mama wa Igoma, hapa hapa mjini, aliyekuja kuuliza tu kuhusu kidonda cha mguuni, akaambiwa apande kitandani achomwe ganzi. "Hata baba watoto hajui niko wapi."

Mmoja anaona amezungushwa, mwingine anaona amekurupushwa. Wote wawili wanagombana na kitu kimoja: urefu wa muda kati ya kuonana na daktari na kukatwa. Muda huo si lazima upangwe na kliniki peke yake. Mgonjwa ana haki ya kusema anapendelea nini, ila kwanza ajue ni kazi gani inafanyika ndani yake, na ipi haiwezi kuharakishwa hata akiwa na haraka ya namna gani.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Upasuaji wa ngozi tunaouzungumzia hapa ni wa kuondoa kitu kilichoota juu ya ngozi au chini yake kidogo: uvimbe wa mafuta, doa linalotia shaka, kidonda kisichopona, saratani. Mara nyingi unafanywa kwa ganzi, yaani sindano inayozuia maumivu pale pale palipochomwa, mgonjwa akiwa macho na anaongea. Nusu kaputi ni jambo jingine: unalazwa usingizi, unahitaji mtaalamu wa usingizi, na tumbo lazima liwe tupu. Mashauriano ni ile ziara ya kuonwa kabla ya kisu. Biopsi ni kukata kipande kidogo, mara nyingi cha upana wa milimita 3 au 4, kinachotiwa kwenye kichupa chenye fomalini na kupelekwa maabara kuangaliwa kwa hadubini. Biopsi kwa kawaida haiponyi. Inatafuta jina la ugonjwa tu.

Hilo la mwisho lishike vizuri, kwa sababu linawapoteza watu wengi kuliko yote. Kipande kikishakatwa, kidonda kile kidogo hupona ndani ya wiki moja au mbili. Ngozi inafunga, maumivu yanakwisha, na mtu anajiambia kwamba kumbe lilikuwa jambo dogo. Harudi. Majibu yanakaa kwenye faili yakisema ni saratani, na yeye yuko Sengerema anapalilia mihogo. Kilichopona pale ni tundu la biopsi. Mzizi uko palepale chini ya kovu, na safari hii umefunikwa.

Sasa tuone daktari anatafuta nini siku ya mashauriano, maana kwa nje inaonekana kama maongezi ya dakika kumi.

Anaanza na vipimo, tena vya fundi cherehani. Chukua doa la sentimita 1 shavuni. Kama ni ile saratani ya ngozi inayokua polepole na ambayo ni nadra kusafiri mwilini, daktari hakati doa peke yake. Anaacha ukingo wa ngozi inayoonekana nzima, kwa kawaida milimita 4 kila upande, kwa sababu mizizi yake hutambaa chini kuliko jicho linavyoona. Kwa hiyo upana umeshakuwa sentimita 1.8. Bado hatujamaliza. Ukikata duara kwenye kitenge ukajaribu kulishona lifunge, kitambaa kinajikunja na kufanya vichwa viwili pembeni. Ngozi nayo ni hivyo hivyo. Ili mshono ulale, tundu linakatwa kwa umbo la mtumbwi ukiutazama kutoka juu: katikati pana, ncha mbili zimechongoka, na urefu wake ni kama mara tatu ya upana. Mara tatu ya 1.8 ni 5.4. Aliyekuja na doa la sentimita 1 anaondoka na mshono wa sentimita tano na ushee.

Hapo ndipo ugomvi mwingi wa baada ya upasuaji unapozaliwa. Mgonjwa anatoa bandeji nyumbani, anatazama kioo, anaona amechanwa shavu zima kwa ajili ya kitu alichokuwa akikifunika kwa kidole. Daktari hakukosea, hesabu haikuonyeshwa mapema. Katika mashauriano mazuri daktari huchukua kalamu ya kuchorea ngozi, akachora mtumbwi wenyewe palepale usoni, akampa mgonjwa kioo. Asipochora, mwombe achore.

Halafu kuna jina la ugonjwa, na hapa ndipo wiki mbili za yule mtu wa Ukara zinapotoka. Ukingo wa milimita 4 niliotaja ni wa ile saratani ya polepole yenye hatari ndogo. Saratani ya seli bapa, ambayo ndiyo inayoongoza kwa watu wenye ualbino huku kwetu na ndiyo inayopenda kuota juu ya makovu ya zamani ya moto na vidonda vya miguu vilivyodumu miaka, huanzia milimita 4 hadi 6, na zaidi kama ni kubwa au imezama. Melanoma, ile ya seli za rangi, ambayo kwa mtu mweusi hujificha sana kwenye unyayo, kiganja au chini ya kucha, inadai sentimita 1 hadi 2 kutegemea imezama kiasi gani, na kina hicho hakijulikani mpaka hadubini iseme. Uvimbe wa mafuta hauhitaji ukingo kabisa. Daktari akikata bila jina, anabahatisha. Akikata finyu, saratani inabaki na utarudi kukatwa tena kwenye kovu, kazi ambayo ni ngumu kuliko ya kwanza. Akikata pana kwenye pua au kope, amechukua nyama ambayo hakuwa na sababu ya kuichukua, na hairudi.

Maabara nayo haifanyi kazi kwa dakika. Kipande kinalowekwa kwenye fomalini kwanza, kinapitishwa kwenye dawa za kukausha maji, kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, vinatiwa rangi, kisha mtaalamu anasoma. Hapo ongeza foleni. Siku kadhaa hadi wiki chache ni muda wa kawaida, na hakuna kiasi cha kulalamika dirishani kitakachoifanya nta igande haraka.

Kitu cha tatu ni tezi. Ndiyo maana alibonyezwa shingo. Saratani ya ngozi ikianza kusafiri, kituo chake cha kwanza mara nyingi ni tezi za jirani: ya usoni huenda chini ya sikio na shingoni, ya mkononi huenda kwapani, ya mguuni huenda kinenani. Tezi ngumu isiyouma inabadili mpango mzima. Badala ya ganzi na mshono wa nusu saa, sasa ni kuchunguza tezi yenyewe, pengine upasuaji mkubwa, pengine kukutana na wataalamu wa saratani. Picha ya simu haiwezi kubonyeza tezi. Wagonjwa wanaotuma picha kwa WhatsApp wakitaka wapangiwe tarehe ya kukatwa moja kwa moja wanasahau hilo.

Kisha mwili wenyewe: presha, sukari, dawa, aleji. Hapa uvumi ni mwingi, kwa hiyo tukae kidogo.

Wengi wanaambiwa na jirani waache dawa zote wiki moja kabla ya kisu. Usifanye hivyo. Mtu aliyepewa aspirini baada ya kiharusi au ugonjwa wa moyo akiiacha mwenyewe, anaweza kuepuka damu kidogo ya ngozi akapata kiharusi cha pili. Damu ya ngozi inazuilika kwa kubana kwa gozi dakika kumi hadi kumi na tano bila kuchungulia. Kiharusi hakibanwi kwa gozi. Anayetumia warfarini mara nyingi anaendelea nayo kwa upasuaji mdogo, ila anapimwa kwanza damu yake inachukua muda gani kuganda, na kipimo hicho kiwe cha siku za karibuni, si cha mwaka jana. Hiyo peke yake ni sababu ya kuonwa kabla. Mwenye betri ya moyo aseme mapema, maana ile mashine ya umeme ya kuunguza mishipa inayovuja inaweza kuivuruga betri.

Uvumi mwingine ni wa njaa: usile kabla ya kukatwa. Ni kweli kwa nusu kaputi, ambapo chakula kinaachwa walau saa 6 kabla na maji matupu saa 2. Kwa ganzi ya kawaida hakuna sababu hiyo. Mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini alfajiri, akaja na tumbo tupu, akakaa foleni hadi saa sita mchana, sukari itamshuka. Atatoka jasho, atatetemeka, atazimia akiwa kitandani, na nje itasemwa kwamba ganzi imemzidi nguvu. Kula chai yako, meza dawa zako za presha kama kawaida. Presha ikikutwa 180 kwa 110 au zaidi, kazi isiyo ya dharura huahirishwa, na hakuna kitu kinachoudhi kama kuahirishwa kwa sababu ya vidonge ulivyoacha mwenyewe mezani nyumbani.

Na kuna lile ambalo watu hawalisemi hadi waulizwe mara ya tatu: mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha huwa zimechanganywa na dawa kali za kundi la steroidi. Ngozi iliyopakwa miezi na miezi inakuwa nyembamba, uzi unaichana kama karatasi iliyolowa, na jeraha linachelewa kufunga. Daktari hatafuti kukuhukumu. Anataka kujua ashone kwa uzi gani na aache nyuzi siku ngapi. Aliyewahi kuota kovu nene, lile linalopanda na kuwasha, hasa kifuani, begani au kwenye ndewe za masikio, naye aseme. Inaweza kubadili uamuzi wa kukata wenyewe, kama kinachoondolewa si cha hatari.

Ganzi nayo ina hesabu yake. Inayotumika sana ni lignokeini, na kiwango salama cha ile isiyo na adrenalini (dawa inayobana mishipa ya damu), kwa madaktari waangalifu, ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mgonjwa. Wengine hufika 4.5. Chupa ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita. Mtu wa kilo 60 kwa kiwango cha chini anapata miligramu 180, yaani mililita 9. Mtoto wa kilo 20 anapata mililita 3 tu. Ikiongezwa adrenalini kiwango kinapanda, na dawa ikizimuliwa hadi asilimia 1 ujazo unakuwa maradufu, lakini ukuta upo. Sasa fikiria kijana mwenye ualbino kutoka Ukerewe aliyekuja na madoa saba ya kutia shaka: mawili sikioni, moja mdomoni, manne shingoni na mikononi. Anataka yote yaishe leo, na anayo haki ya kutaka hivyo. Lakini daktari anayemwambia "matatu leo, manne safari ijayo" hamzungushi, anahesabu mililita. Ganzi ikipita kiasi inaanza na ganzi ya midomo, ladha ya chuma ulimini na mlio masikioni, na ikizidi hapo ni degedege na moyo.

Kwa hiyo, je, kuonwa na kukatwa siku moja haiwezekani? Inawezekana, na kwa wagonjwa wengi ndiyo bora. Ila hakuna siku moja ambayo haikubebwa na siku nyingine iliyotangulia mahali fulani.

Marekani swali hili limejadiliwa sana kuhusu upasuaji uliopewa jina la Frederic Mohs, daktari aliyeuanzisha miaka ya 1930 huko Wisconsin. Daktari anakata tabaka jembamba, analitazama kwa hadubini mgonjwa akisubiri na bandeji yake, akiona bado kuna mzizi upande mmoja anarudi kukata upande huo tu, hadi ukingo uwe safi. Kliniki nyingi huko humwona mgonjwa mara ya kwanza asubuhi ile ile ya kumkata. Anayesikia hivyo hudhani kwamba wenzetu wameruka mashauriano. Hawakuruka. Mgonjwa yule anafika akiwa tayari na biopsi iliyofanywa na daktari wake wa mtaani, majibu yametangulia, orodha ya dawa imetangulia, amepigiwa simu akaulizwa maswali. Kilichobaki asubuhi ile ni kutazamana, kuchora na kusaini. Hata hivyo wapo wanaotaka siku mbili palepale, kwa sababu wanataka kumfahamu atakayewakata usoni kabla ya kumkabidhi uso.

Somo lake kwa mtu wa kisiwani ni hili: ukitaka safari moja ya Mwanza, hamishia kazi ya kwanza karibu na nyumbani. Biopsi ndogo si kazi ya hospitali ya rufaa peke yake. Hospitali ya wilaya yenye daktari au mganga aliyefundishwa, sindano ya ganzi na kichupa cha fomalini inaweza kuikata na kukisafirisha kipande. Yanayoharibika hapo ni madogo lakini yanaua kazi nzima. Kipande kikitiwa kwenye maji ya dripu, spiriti ya dukani au kufungwa kwenye gozi kavu, kinafika kimeoza au kimekauka. Fomalini iwe nyingi, karibu mara kumi ya ujazo wa nyama. Jina liandikwe ubavuni mwa kichupa, si kwenye kifuniko, maana maabara vifuniko hufunguliwa na kubadilishana. Na karatasi iseme kipande kimetoka wapi hasa. "Usoni" haitoshi.

Tena kuhusu mahali: biopsi iliyopona vizuri inaleta hatari ambayo watu hawaifikirii, ya kukata pasipo penyewe. Baada ya wiki nne kovu la milimita 3 kwenye ngozi yenye madoa mengi halionekani, na mgonjwa mwenyewe, hasa kama ni mgongoni au nyuma ya sikio, ananyoosha kidole kwa kubahatisha. Dawa yake ni simu uliyonayo mfukoni. Siku ya biopsi, kabla ya kukatwa, mwombe nesi au ndugu apige picha mbili kivulini mchana, bila flashi: moja ya karibu, rula ikiwa pembeni, na moja ya mbali inayoonyesha sikio, jicho au kitovu ili mahali pajulikane. Zihifadhi. Siku ya kisu mwonyeshe daktari kabla hajachora. Mgonjwa anayeondoka na picha hizo siku ya kwanza amejiondolea ubaya mkubwa kabisa wa utaratibu wa siku mbili.

Sasa tuje kwenye matakwa yenyewe. Watu hawafanani, na kliniki inayompangia kila mtu kwa ratiba moja inawakosea karibu nusu yao.

Kuna wanaotaka haraka kwa sababu ya woga. Kwao wiki mbili za kusubiri ni wiki mbili za kutolala, na wengine hawarudi kabisa. Mtu wa namna hii, kama uvimbe wake ni wa mafuta, unateleza chini ya kidole, hauna kidonda, na hatumii dawa yoyote, kumrudisha nyumbani ni kumpoteza bure. Akatwe leo.

Kuna wanaotaka nafasi kwa sababu uamuzi si wa mtu mmoja. Mwanamke mzima anasaini ridhaa yake mwenyewe na hahitaji kibali cha mtu, lakini anayejua maisha ya huku anajua kwamba atakayembadilisha bandeji, atakayekamua ng'ombe na atakayelipa gesti ya siku tatu wote wako nyumbani na hawajaulizwa. Akikatwa bila wao, jeraha linapona ila nyumbani panabaki maneno. Kuna bibi wa Kikerewe au Kisukuma ambaye Kiswahili cha kliniki kinampita juu. Mjukuu anamtafsiria, na mjukuu kwa huruma yake anaruka neno "kansa". Bibi anasaini akidhani anaondolewa jipu. Hapo mkalimani mtu mzima na siku ya pili ni sehemu ya matibabu, si anasa.

Mvuvi wa dagaa ana kalenda yake mwenyewe. Kazi yake ni ya usiku wa giza, taa ikiwaka juu ya maji. Mwezi ukiwa mkali, dagaa hawafuati taa, na mitumbwi inapumzika kama wiki moja hadi siku kumi. Atakuambia wazi: nikate mbalamwezi. Ni ombi la akili, ila apewe hesabu kamili. Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi 7, za kichwani 7 hadi 10, za mkononi na mwilini 10 hadi 14, za mguuni 14 au zaidi. Aliyekatwa usoni siku ya kwanza ya mwezi mkali atarudi ziwani nyuzi zimetoka. Aliyekatwa kiganjani, giza litamkuta bado ana uzi, na kuvuta nyavu kwa mkono wenye uzi ni kuuchana. Hata nyuzi zikitoka, jeraha la wiki mbili bado lina sehemu ndogo sana ya nguvu ya ngozi nzima, na halifikii tena asilimia 100 maisha yote. Huishia karibu 80 baada ya miezi kadhaa. Huyu anafaidika kuonwa wakati wa giza na kukatwa mbalamwezi inayofuata, akijua mapema kwamba atapoteza siku kadhaa za kazi na nani atashika nafasi yake mtumbwini. Mkulima wa mpunga wa Magu mwenye kidonda cha mguuni hesabu yake ni hiyohiyo, ila yeye anagombana na tope.

Kwa wanaotoka mbali kuna njia ya katikati ambayo haitumiki vya kutosha: kuonwa mchana, kukatwa kesho yake asubuhi. Safari ni moja, ila kuna usiku mmoja katikati. Usiku huo unatosha kupiga simu nyumbani, kusoma karatasi ya ridhaa polepole, kukumbuka kile kidonge cha moyo ulichosahau kukitaja, na kubadili mawazo bila kumwonea daktari aibu. Sehemu kubwa ya tunayoambiwa hospitali tunaisahau tukifika getini; kesho yake asubuhi ni nafasi ya kuuliza tena. Gharama yake ni gesti ya usiku mmoja, ambayo kwa mtu wa Ukerewe au Kome ni ndogo kuliko nauli ya kwenda na kurudi. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, wa Sengerema na Geita wameondokana na foleni ya kivuko, kwa hiyo kwao safari mbili si mzigo kama zamani. Wa visiwani hawana daraja.

Wapo ambao haraka haiwafai hata wakiitaka. Watoto wadogo, kwa sababu wengi wao watahitaji nusu kaputi. Saratani ya kope, pua, mdomo au sikio, ambako kufunga tundu kunaweza kudai kuhamisha ngozi ya jirani au kuipandikiza kutoka paja, kazi inayopangwa kwa kuchora zaidi ya mara moja. Mvutaji sigara ambaye atahamishiwa ngozi, kwani tumbaku inaibana mishipa na ngozi iliyohamishwa inakufa rangi nyeusi kuanzia ukingoni. Aache wiki kadhaa kabla, na wiki hizo zinahitaji mashauriano ya mapema. Na yeyote ambaye ugonjwa wake hauna jina.

Kinyume chake pia kipo. Kidonda kinachotoka damu kila siku, kinachokua ukikilinganisha na picha ya wiki iliyopita, au chenye tezi jirani, hakipaswi kupewa tarehe ya miezi mitatu mbele kwa sababu ratiba imejaa. Saratani ile ya polepole inavumilia wiki kadhaa bila madhara makubwa. Ya seli bapa na melanoma hazina subira hiyo. Ukipewa tarehe ya mbali, uliza swali moja: "Daktari, kwa ugonjwa huu, tarehe hii inachelewa au haichelewi?" Ni swali la heshima, na linamlazimisha atazame faili tena.

Hapa ndipo pa kuuzika ule uvumi mkongwe, kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Unaonekana wa kweli kwa sababu ya mpangilio wa matukio. Mtu anakaa na kidonda miaka miwili, anapaka majani, anapaka maji ya betri, mwisho anakatwa, miezi sita baadaye tezi zinavimba na anakufa. Watu wanahesabu kuanzia siku ya kisu. Tezi zilikuwa zimeshapokea mbegu kabla hajapanda meli.

Kabla ya kufunga safari, piga simu kliniki au mtume ndugu aliye mjini aulize hivi: nikija siku hiyo nitaonwa tu, au naweza kukatwa? Nije na barua ya rufaa na majibu ya biopsi? Bima yangu inadai kibali kwanza? Nile au nisile? Nitaweza kurudi siku hiyo hiyo kwa meli, au nilale? Hilo la mwisho si dogo. Ganzi inaisha baada ya saa moja au mbili, na ikiwa ilitiwa adrenalini, mishipa iliyokuwa imebanwa hufunguka baadaye. Kama kuna damu ya kuvuja, mara nyingi itavuja hapo. Ni afadhali ikukute gesti ya Kirumba kuliko katikati ya maji.

Si lazima urudi Mwanza kutolewa nyuzi. Zahanati ya kijijini inatosha, mradi umepewa karatasi inayosema ni nyuzi ngapi na siku gani. Majibu ya ukingo ndiyo yanayohitaji kukufikia, kwa sababu kipande kilichotolewa nacho hupelekwa maabara kuangaliwa kama saratani imegusa kingo. Yakisema imegusa, utaitwa, na utaitwa kwa namba iliyoandikwa kwenye faili. Laini hubadilishwa, simu hutumbukia ziwani. Andikisha namba mbili, ya pili iwe ya mtu asiyepanda mtumbwi.